KUTHUBUTU NA KUBAHATISHA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika maadhimisho ya miaka 10 ya Chama



 Miaka 10 katika umri wa mtu ni utoto, lakini katika umri wa chama cha wakulima si haba. Vyama vingi vilizaliwa kwa ngoma na vigelegele, na havikuuona mwaka wao wa 10. Hongera ni zenu ninyi mliopalilia, mkapulizia dawa, mkaokota, mkaanika, mkapeleka ghalani mzigo ulio safi, na mkavumilia siku za kungoja malipo bila kukitupa Chama chenu.

Pongezi ni tamu, lakini hazijengi. Tumeombwa kusema jambo la kufaa, nanyi mwajua ni jambo gani lililo midomoni mwa watu tangu msimu uliopita. Karibu katika kila chama cha msingi umezuka mjadala: je, tuendelee kuuza korosho ghafi kama tulivyozoea, au tutenge sehemu ya ziada ya Chama tuanze kubangua wenyewe? Wako wasemao kwamba tumechelewa, na kwamba kila gunia linaloondoka ghafi laondoka na kazi ya watoto wetu. Wako wasemao kwamba fedha ya mkulima si ya kuchezea, na kwamba mashine isiyo na kazi huota kutu lakini deni lake halioti. Pande zote mbili zina watu wenye akili na nia njema, na Mkutano Mkuu ujao ndio utakaoamua.

Sisi watumishi wenu hatukuja hapa kuwapigia kura. Tumekuja kusema neno moja, nalo ni hili: kuna kuthubutu, na kuna kubahatisha. Kwa mbali mambo hayo mawili yafanana, maana yote mawili huingia mahali pasipo na uhakika. Ukiyakaribia utaona ya kuwa mwenye kuthubutu amepima anachoweza kukipoteza, na mwenye kubahatisha amepima tu anachotamani kukipata. Chama kikiijua tofauti hiyo, kitaamua vema, ama kibangue ama kisibangue.

Hakuna kazi iliyo salama

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Wengi hudhani ya kuwa aanzaye kazi mpya ndiye aliye hatarini, na akaaye katika kazi ya zamani yu salama. Mkulima ndiye mtu wa mwisho apasaye kuamini hivyo, kwa kuwa kila mwaka huifukia mali yake ardhini na kungoja mvua asiyoiamuru na bei asiyoipanga.

Litazameni zao letu lenyewe. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, ikahesabiwa miongoni mwa nchi zilizo mbele kabisa duniani katika zao hilo. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Mikorosho haikuhama. Wataalamu wametaja sababu nyingi: bei ndogo aliyolipwa mkulima, watu kuhamishwa wakakaa mbali na mashamba yao, na ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua kabla hayajafunga tunda. Mtu aliyekuwa na shamba la urithi, asiyejaribu jambo lolote jipya, hasara ilimkuta mlangoni pake. Na zao lilipofufuka, lilifufuka kwa mikono ya wale waliokubali kujaribu unga wa salfa katika mikorosho yao, wakati jirani zao walipokuwa bado wakicheka, na kupanda miche bora iliyotokana na utafiti wa Naliendele.

Bei nayo ina mambo yake. Msimu wa 2017/18 minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo moja, na watu wakaezeka bati. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei ndogo kiasi cha wakulima kuikataa palepale mnadani, hata Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300. Miti ilikuwa ileile, mikono ileile, na kati ya furaha na simanzi haukupita hata mwaka mmoja.

Wala si korosho peke yake. Agosti 2017 Serikali ya India, katika kuwalinda wakulima wake, iliweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini humo. Kwa kuwa karibu mbaazi zetu zote zilikuwa zikielekea huko, bei ilianguka Lindi na Mtwara, ikaanguka na Manyara. Mkulima hakukosea katika palizi, wala mvua haikumkosa. Aliangushwa na karatasi iliyotiwa sahihi ng'ambo ya bahari, kwa sababu alikuwa na mlango mmoja tu wa kuuzia.

Tumeyataja haya ili mwenye kusema "tukae kama tulivyo" ajue kwamba naye anaingia hatarini. Hatari yake ameizoea tu, na iliyozoewa haionekani. Basi swali lililo mbele yetu halihusu kuikimbia hatari, kwa kuwa hapana pa kukimbilia. Swali ni hatari ipi tuichukue, kwa kiasi gani, na kwa fedha ya nani.

Karanga na mkonge

Historia ya nchi yetu imetuachia mifano miwili inayofundisha zaidi ya kitabu chochote cha biashara.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ikatuma wataalamu wachache waje kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Wakakaa wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi wakaiangalia kutoka angani. Taarifa yao ikasema zilimwe zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa hapa Tanganyika, kwa gharama ipatayo pauni milioni 24. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kunguruma Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea.

Hakuna aliyelima kwanza shamba dogo la majaribio, akaliangalia misimu kadhaa, ndipo akaagiza matrekta. Wenyeji wa Ugogo walijua tangu enzi za mababu kwamba mvua ya Kongwa ni ya mashaka, na kwamba udongo wa pale ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Mashine zikavunjika katika mizizi ya vichaka na mibuyu. Mvua ikakosa kuja kama ilivyoandikwa katika taarifa. Karanga zikang'ang'ania ardhini zisichimbike. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni. Huku kwetu kusini tulibakiwa na bandari ya Mtwara, tunayoishukuru hadi leo, na reli ya Nachingwea, ambayo nayo ilifungwa katika miaka ya 1960.

Watu wale hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa na elimu kubwa kuliko yetu sote tuliomo humu. Walipima ukubwa wa faida wakasahau kupima ukubwa wa hasara. Huko ndiko kubahatisha, hata kama kumeandikwa kwa wino mzuri na kutiwa mihuri.

Sasa tutazame mfano wa pili. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliletewa Tanga miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilitumwa miche 1,000. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche ile 62 yalienea mashamba ya mkonge ya nchi hii, hata Tanganyika ikawa ya kwanza ulimwenguni kwa zao hilo, na mwaka 1964 uzalishaji ukapita tani 200,000.

Hatusemi kwamba mali ile ilimfikia aliyestahili. Faida ilikwenda kwa wenye mashamba, na jasho lilikuwa la manamba waliotoka mbali. Wala hatusemi kwamba mkonge ulidumu juu. Zilipokuja kamba za plastiki, bei yake ilishuka na mashamba mengi yakarudi pori. Tunachotaka mkitazame ni namna jambo lilivyoanzwa. Miche 938 ilikufa, na hakuna nyumba iliyoanguka kwa sababu hiyo. Lau ingalikufa hata ile 62 iliyobaki, hasara ingalikuwa bei ya miche na nauli ya meli. Aliyeanza hivyo aliweza kukosea na kujaribu tena. Wale wa karanga hawakujiachia nafasi ya kukosea hata mara moja, na katika kazi isiyo na uhakika kukosea mara ya kwanza ni jambo la kawaida.

Viwanda vya korosho

Huenda mtu akasema: hayo ni ya wageni, tena ya zamani. Basi tuje nyumbani. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali yetu, ikipata baadhi ya fedha kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vya kubangua korosho hata vikafika 12. Baadhi yenu mmeyaona majengo yake Newala, Masasi na Nachingwea. Kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Nia ilikuwa njema, tena ni ileile tunayoizungumza leo: tusiuze ghafi, tuuze iliyobanguliwa. Lakini hesabu yote ilisimama juu ya nguzo moja, kwamba mavuno yatabaki kama yalivyokuwa mwaka 1973 au yatazidi. Kumbukeni zile tani tulizozitaja. Viwanda vilipokuwa tayari, korosho zilikuwa zimekwisha kupungua. Kiwanda kikubwa hakijui kula kidogo; ama kishibe ama kisimame. Vingi vikasimama, na vingine baadaye vikageuzwa maghala.

Somo lake yafaa tulitamke kwa uangalifu, kwa sababu pande zote mbili za mjadala wetu hulitumia vibaya. Wapinzani wa kubangua husema: "Mnaona? Kubangua hakufai." Watetezi nao husema: "Zile zilikuwa mashine za serikali, zetu zitakwenda." Sisi twaona ya kuwa viwanda vile havikuthibitisha kwamba kubangua ni kubaya. Vimetuonyesha kwamba haifai kujenga nyumba nzima juu ya nguzo moja, hata nguzo hiyo ikionekana nene namna gani siku ya kujenga.

Fedha ni ya nani

Mfanyabiashara mwenye duka lake aweza kuthubutu usiku mmoja akiwa kitandani, asimuulize mtu. Akipata, amepata mwenyewe. Akikosa, amekosa yeye na watu wa nyumbani kwake. Chama hakiko hivyo. Shilingi iliyo katika sanduku la Chama imetoka katika kilo ya mjane wa kijiji fulani, na ya kijana anayetafuta ada ya mdogo wake. Hawa hawakulala kitandani mwetu tulipokuwa tukiota kiwanda. Kwa hiyo kuthubutu kwa ushirika lazima kutanguliwe na ridhaa, na ridhaa lazima itanguliwe na kujua.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walitupa mfano mwema. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyowapunja. Hawakuanza kwa kununua vinu. Walianza na jambo dogo ambalo kila mtu aliweza kuliona kwa macho yake: mizani yao wenyewe na watu wao wenyewe wa kupima, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutoka hapo wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, wakawa na shirikisho la vyama vya Victoria, lililohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Vinu vya kuchambulia pamba vilikuja watu walipokuwa wamekwisha kuziamini hesabu zao wenyewe. Mizani ilitangulia, mashine ikafuata.

Hesabu ya kubangua

Basi nasi tutangulize mizani. Tuyaweke mambo wazi, ili atakayeinua mkono katika Mkutano Mkuu ajue anainua kwa ajili ya nini.

Kilo 100 za korosho ghafi, zikianikwa vema, zikachemshwa kwa mvuke, zikapasuliwa, zikakaushwa, zikamenywa ngozi na kupangwa madaraja, hutoa punje kilo 20 hadi 25. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba tumezinunua ghafi kwa shilingi 3,000 kila kilo, na tumepata punje kilo 22. Kilo 100 zimetugharimu shilingi 300,000. Maana yake kila kilo ya punje imekwisha kubeba shilingi 13,636 kabla hatujalipa mshahara, umeme, kuni, mifuko, usafiri na ushuru. Sasa tuseme uanikaji haukuwa mzuri, au mikono bado haijazoea, tukapata kilo 20 badala ya 22. Kila kilo yabeba shilingi 15,000. Kilo mbili tu zimepotea katika kila 100, na faida yote yaweza kuwa imekwenda nazo.

Tena kuna punje nzima na punje zilizovunjika. Soko la dunia hulipa kwa madaraja. Daraja lijulikanalo sana, W320, lataka punje nzima nyeupe zipatazo 300 hadi 320 katika ratili moja. Punje iliyovunjika ina ladha ileile, lakini haina bei ileile. Ganda nalo lina mafuta makali yachomayo ngozi, na akina mama wasipopewa vifaa vya kukinga mikono, tutakuwa tumeununua ubanguaji kwa vidonda vyao. Hiyo nayo ni gharama, na lazima iandikwe.

Jambo kubwa kuliko yote ni fedha inayolala. Korosho ghafi ikiuzwa mnadani, malipo huja, kisha hesabu hufungwa. Anayebangua lazima anunue mzigo wakati wa msimu, aubangue miezi kadhaa, kisha amtafute mnunuzi wa punje. Kwa bei ile ya mfano wetu, tani 100 tu zataka shilingi milioni 300 zikae ghalani kabla hatujalipa kibarua hata mmoja. Fedha hiyo ikiwa ya mkopo, riba hailali nayo.

Upande wa pili wa daftari nao tuusome kwa haki. Ubanguaji huleta kazi vijijini baada ya msimu, wakati ambapo vijana hukaa bure au huikimbilia miji. Hutupa mlango wa pili wa kuuzia, ili tusisimame daima mbele ya mlango mmoja kama wale wa mbaazi. Na hutupa ujuzi, maana aliyebangua korosho yake mwenyewe ajua thamani yake, wala hadanganywi kirahisi siku ya mnada. Faida ya namna hii haionekani katika mizania ya mwaka wa kwanza, lakini ni faida.

Mambo matano

Kwa hayo yote, sisi watumishi wenu twaomba kwamba, Mkutano Mkuu ukiamua kuthubutu, uamue pamoja na masharti matano.

La kwanza: fedha ya malipo ya mkulima isiguswe. Fedha iliyotoka mnadani kwa ajili ya mwenye korosho si mtaji wa mtu mwingine, hata kwa siku moja, hata kwa nia njema. Chama kimoja kikijizoeza kuikopa kwa siku mbili, siku ya tatu wakulima watauza kangomba, nao watakuwa na haki ya kutulaumu.

La pili: tuanze kwa kiasi ambacho kikipotea chote, Chama kitaamka kesho yake kikafungua ofisi. Kiasi hicho kitoke katika ziada, baada ya akiba ya lazima kutengwa, wala si katika mkopo. Ukomo wa madeni tunaopitisha na kuupeleka kwa Mrajis ni ukuta wa kutuzuia, si shabaha ya kufikiwa. Karakana ndogo ya tani chache, ikisimamiwa na watu waliofunzwa, itatufundisha mengi kuliko jengo refu lisilo na mzigo.

La tatu: tuweke leo alama ya kusimama. Tujipe misimu mitatu, na tuandike katika muhtasari kwamba hasara ikifika kiasi fulani, au punje nzima zikishindwa kufika kiasi fulani, kazi itasimama bila mjadala mpya. Mtu akiisha kuingia mtoni hupenda kusema "hatua moja zaidi". Alama huwekwa ukiwa ukingoni, ungali na akili yako yote.

La nne: kazi hiyo iwe na daftari lake peke yake. Tusichanganye hesabu ya kubangua na hesabu ya ghala, ili faida ya hapa isifiche hasara ya pale. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Hesabu hiyo isomwe katika kila mkutano, kwa Kiswahili kinachoeleweka, hata mwaka ambao hatungependa kuisoma.

La tano: wanaosema hapana wasikilizwe, na sababu zao ziandikwe. Lau mtu mmoja wa Kongwa angalisikilizwa juu ya mvua, pauni nyingi zingalipona. Mwenye shaka si adui wa maendeleo. Mara nyingi yeye ndiye aliyekwisha kuliona shimo, na kazi yetu ni kwenda kulitazama kabla ya kumzomea.

Namna ya kuhukumu

Tungependa kuongeza neno moja ambalo katika vyama vingi halisemwi. Kazi isiyo na uhakika yaweza kushindwa hata ikiendeshwa kwa uaminifu. Mvua yaweza kukosa, nchi ya mbali yaweza kufunga mlango wake, mashine yaweza kuvunjika siku mbaya. Siku hiyo ikifika, tusiwahukumu watu kwa matokeo peke yake.

Msimamizi aliyefuata masharti, akaandika kila senti, akasimama alipoambiwa asimame, kisha akapata hasara, asiitwe mwizi wala asifukuzwe kwa matusi. Tumemtuma mahali pasipo na uhakika, naye ametuletea habari za kweli. Na yule aliyevunja masharti, akachukua fedha isiyoruhusiwa, akabahatika kuleta faida, asibebwe mabegani. Leo ameleta faida, kesho kwa njia hiyohiyo atakizamisha Chama, na wote waliomshangilia watakuwa wamemfundisha. Chama kinachomwadhibu mkweli mwenye hasara na kumsifu mvunja kanuni mwenye faida hakitapata tena watu wa kuthubutu; kitapata wacheza kamari na waoga, na kati ya hao wawili hakuna awezaye kukiendesha.

Hasara ya haki ina vitabu, ina risiti, ina tarehe, na mkaguzi akija huikuta mezani. Wizi huwa hauna vitabu. Ninyi wajumbe mna haki ya kudai vitabu wakati wowote, na sisi tuna wajibu wa kuvileta kabla hamjadai.

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, karatasi zenye hesabu tulizozitaja zimegawiwa leo kwa makatibu wa vyama vyote vya msingi. Twaomba kila chama kiitishe mkutano wake, kizisome kwa sauti mbele ya wanachama, wazee na akina mama wakiwepo, na kila mwenye swali aliulize. Wazee wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Nao haohao wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maneno yote mawili ni ya kweli. Mwenye busara huushika mbachao wake kwa mkono mmoja, akainama taratibu na kunyoosha mkono wa pili.

Mkutano Mkuu ukisema tubangue, tutabangua kwa kipimo hicho. Ukisema tusubiri, tutasubiri, na ghala tutalitunza. Lolote mtakaloamua, liwe limeamuliwa na watu wanaojua walichokiweka mezani. Wakulima wakifanya hivyo, watakaokusanyika hapa miaka 10 ijayo watakuta Chama kimesimama, na vitabu vyake vinasomeka.